RIWAYA YA MAPENZI ILIYOANDIKWA KIJIJINI



Nimeombwa niandike jambo la historia ya Kanda yetu ya Ziwa. Huenda mnangojea habari za dhahabu ya Geita au almasi ya Mwadui. Hizo zimekwisha andikwa sana. Mimi nitasimulia habari za mzee mmoja wa kijijini aliyeandika riwaya ya mapenzi, kwani kila nikija shuleni vijana huniuliza swali lile lile: je, mtu mwenye mke, ng'ombe na shamba la pamba anaweza kuwa mtunzi wa riwaya, au ni lazima kwanza ahamie Dar es Salaam?

Jibu liko ng'ambo tu ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Mtemi Machunda alikuwa babu yake. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine. Hakuwa padre. Alirudi, akaoa, na sehemu kubwa ya maisha yake ikapita kisiwani, akiitumikia misheni na kuishi kama wanakijiji wenzake. Yeye na mkewe Anna walipata msiba mkubwa: watoto wao walifariki wangali wadogo. Kwa desturi za wakati ule, ndugu wa mume wangalimtaka aoe mwingine. Kitereza alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, kitabu kirefu kuhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Tuukumbuke wakati huo. Mgodi wa Geita ulikuwa umeanza katika miaka ya 1930, na ule wa Mwadui mwaka 1940. Vijana wetu walikuwa wakiacha majembe na kwenda kutafuta mshahara. Makampuni yaliandika daftari za wakia na karati. Lakini jinsi mume na mke walivyosemezana jioni baada ya kutoka shamba, hilo halikuingia katika daftari yoyote. Kitereza ndiye aliyeliandika.

Na habari yenyewe ni ya mapenzi, ingawa haina barua za mahaba wala vijana wa kukutana dansini. Myombekere na Bugonoka wamekwisha oana na wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno ya kuudhi, hata wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere hakubali kuachana naye. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi mtunzi anatueleza kazi yote ya kuitengeneza pombe ile na majirani wanaokuja kusaidia. Msomaji wa haraka atasema hayo ni mambo ya kilimo. La hasha! Ule jasho ndiyo mahaba yenyewe. Mwanamume anayeweza kusema maneno matamu ni rahisi kumpata. Anayekubali kutozwa faini na wakwe kwa ajili ya mke asiyezaa si rahisi. Mwishowe wanatafuta mganga, na baadaye wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

Sisi tuliokuwa bwenini miaka ya 1970 tulisoma vijitabu vya mapenzi kwa kuvificha chini ya godoro. Karibu vyote vilikuwa vya mjini, tukadhani mapenzi yanahitaji taa za umeme. Kitereza asingeliweza kuandika vile, na hakuhitaji. Alijua ukweni mtu huketi wapi, nani husalimu kwanza, na neno gani likitamkwa haliwezi kurudishwa. Maisha ya kijijini ndiyo yaliyompa riwaya.

Hata hivyo, vijana, nisiwafiche. Kijiji kilimpa kitabu, lakini hakikumpa mchapishaji. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo, ila muswada wa Kikerewe haukupata wa kuuchapa. Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti, wakamshauri autafsiri kwa Kiswahili. Mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini akaketi tena na kukiandika upya kitabu chake chote. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, kurasa zaidi ya 600. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala haijamfikia mkononi.

Baadaye kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe. Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, aliyetoa *Rosa Mistika* mwaka 1971.

Sasa nawageukieni ninyi. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena kwa ukubwa mwaka 2000. Katikati ya hapo watu walioa, walitengana, walifuatana mashimoni, walingojeana. Nani ameyaandika? Kijana aliyezaliwa Nyarugusu au Kahama ana riwaya mlangoni kwake.

Kwa wazee wenzangu nina ombi moja. Aliye na muswada sandukuni, hata kama ni daftari la shule lililoliwa na mchwa pembeni, atoe nakala aiweke katika maktaba ya shule yetu. Kitereza alingoja miaka 35. Si kila muswada utapata mgeni wa kuuokoa, na mchwa wa Usukuma hawangoji hata masika mawili.