Mwachio: nafasi iliyopo kati ya mwili na nguo

Mwezi wa saba Sumbawanga baridi haina mzaha. Mji uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya soko utamkuta mwanamke kavaa sweta, kajifunga kitenge, na khanga kaitupia mabegani. Juu ya hayo yote anajaribu gauni la mtumba. Chumba cha kujaribia hakuna. Turubai limetandikwa chini, nguo zimemwagwa juu yake, na kijana anayeuza kasimama katikati: "Mama, hiyo saizi yako kabisa, imekukaa!" Zipu ikigoma katikati ya mgongo, ataapa kwamba sweta likivuliwa itafunga. Huenda ni kweli. Ila anachokisia kwa macho kinapimika, na kina jina lake.

Kwa Kiingereza mafundi hukiita "ease". Ni tofauti kati ya kipimo cha mwili na kipimo cha nguo yenyewe. Kifua chako kikiwa inchi 36 na gauni likawa inchi 38, tofauti ni inchi 2. Ziondoe hizo mbili, na hutaweza kuvuta pumzi vizuri, kumbeba mtoto, wala kukaa kwenye benchi bila kuogopa mshono. Katika mazungumzo ya kawaida neno hilo lina maana ya wepesi na starehe, na hapo ndipo mfasiri wa haraka anapoteleza: akiandika "urahisi wa gauni", fundi ataelewa kwamba tunazungumzia bei.

Fundi wetu jambo hilo analijua siku nyingi, ila analisema kwa kitenzi. Futi ikiwa kifuani mwa mteja huuliza: "Dada, nikubane au nikuachie?" Kutokana na kuachia tunapata mwachio, kama tulivyopata mshono kutokana na kushona. Nimewahi kusikia wengine wakipendekeza "nafasi", lakini neno hilo lina kazi nyingi mno, kuanzia kiti cha basi hadi ajira. "Ulegevu" nao una harufu ya kasoro, na nguo inayopwaya ni nguo iliyoharibika mkao. Mkao ni matokeo, yaani jinsi nguo inavyotulia mwilini ukishaivaa. Mwachio ni inchi zinazoleta matokeo hayo. Tusiyachanganye.

Tena lipo jambo la kiutendaji linalodai neno maalumu. Ukimwambia fundi "achia kidogo", anaweza kuelewa mambo mawili. Anaweza kuiongeza nguo upana ili usogee vizuri ndani yake, au anaweza kukibakiza kitambaa ndani ya mshono ili siku ukinenepa aje akifumue. Hicho cha pili kiitwe akiba ya mshono. Akiba huivai, mwachio unauvaa. Nimeona ugomvi wa sare za harusi uliotokana na tofauti hiyo tu: bwana fundi aliacha kweli, tena inchi nzima kila upande, lakini yote ilikuwa ndani.

Huenda hatukuwa na nomino kwa sababu kwa muda mrefu hatukuihitaji. Katika karne ya 19 Wafipa walifuma wenyewe nguo za pamba, na kitambaa kilichotoka mtamboni kilifungwa au kuzungushwa mwilini. Khanga na kitenge vinafanya vivyo hivyo leo: mwili ukibadilika, unakaza fundo au unalilegeza. Mwachio huanza kuwa suala pale mkasi unapokata kitambaa kufuata umbo la mtu.

Na nguo za mtumba zilikatwa kufuata umbo la mtu mwingine, mahali pengine, wakati mwingine miaka mingi iliyopita. Marekani, kati ya mwaka 1939 na 1940, serikali iliwapima wanawake karibu 15,000 ili kupata saizi za pamoja. Vipimo vya wasio weupe havikuingizwa kwenye hesabu. Viwango vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 1958, na mwaka 1983 vikaondolewa rasmi. Tangu hapo kila kiwanda kinajiandikia. Saizi 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Mwanamke mwembamba namna hiyo leo hupewa namba iliyo chini ya moja. Ongeza kwamba 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 38 ya Ujerumani, na zote zinaweza kutoka kwenye belo moja lililopita Tunduma kuja huku. Lebo isome ujue kitambaa na namna ya kufua. Namba iache.

Badala yake, beba futi. Lilaze gauni juu ya turubai, lifungwe zipu, lisivutwe. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili, kisha toa kipimo cha kifua chako ulichochukua nyumbani ukiwa na nguo nyepesi. Fanya vivyo hivyo kiunoni na kwenye nyonga. Kwa kitambaa kisichovutika mimi hutaka inchi 2 hadi 3 kifuani, 1 kiunoni, 2 kwenye nyonga. Kwa koti anza na 4, na kwa baridi ya hapa, ambapo sweta halivuliwi hadi saa nne, nenda hadi 6. Kitambaa kinachovutika kinaweza kuwa kidogo kuliko mwili na bado kikakaa vizuri. Huo tuuite mwachio hasi. Lakini nyuzi za kuvutika kama tunazozijua leo zilibuniwa Marekani mwaka 1958, kwa hiyo gauni la zamani kweli halitakuhurumia.

Zama nazo zina mwachio wake. Gauni la mtindo ulioanzishwa na Christian Dior Paris mwaka 1947 lina kiuno cha kubana makusudi, kwa sababu wavaaji walijifunga kwanza nguo ya ndani ya kukaza. La miaka ya 1980 lina mabega mapana na kifua kilichojaa hewa. Usione inchi 6 ukadhani ni saizi ya jirani yako, ni mtindo wake.

Halafu ligeuze ndani nje. Gauni la zamani lililoshonwa na fundi wa nyumbani mara nyingi lina akiba pana mshononi, na huko ndiko mwachio unakoweza kuongezwa. Angalia matundu ya sindano na mstari wa rangi isiyopauka: kitambaa kilichofichwa miaka yote kitatoka kinang'aa kuliko kingine. La kiwandani, lililokatwa na ovaloki hadi ukingoni, halina cha kufumua. Kama linakubana na ndani hakuna akiba, lirudishe kwenye turubai, hata kijana akilishusha hadi shilingi elfu moja.