Bunduki za Mtumba katika Njia ya Mumias, 1862–1902: Nani Alijua Ipi Ingelia?

Anayenunua bastola ndogo iliyokwisha kutumika, tena kwa bei ya chini, hujiuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: siku nitakapoihitaji, italia? Swali hilo huonekana kuwa la fundi. Hata hivyo, kwa anayesoma historia ya mpaka wa Busia na Tororo, swali hilo ni la kihistoria pia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, nchi iliyo kati ya Mumias na Busoga, ikiwemo Bukhayo, Samia na Bulumbi ya leo, ilikuwa katika ukanda wa misafara ya pembe za ndovu, na bunduki nyingi zilizobebwa na misafara hiyo zilikuwa kuukuu. Insha hii inadai kwamba wanunuzi wa wakati ule walijua kukagua chuma, lakini uthabiti wa silaha haukukaa katika chuma peke yake. Ulikaa katika mnyororo wa baruti, fataki, risasi na mafundi uliokuwa nyuma ya silaha hiyo. Aliyeushika mnyororo huo ndiye aliyeshika nchi.

Jaribio linalojulikana zaidi katika eneo letu lilifanyika Buganda mnamo Februari 1862. Mwingereza John Hanning Speke alimpa Kabaka Mutesa zawadi zilizojumuisha bunduki, bastola moja ya mzinga wa kuzunguka, kasha la risasi na kasha la fataki. Katika kitabu chake cha 1863, Speke anaeleza kwamba Kabaka alimtaka awapige risasi ng'ombe wanne mbele ya baraza. Aliazima ile ile bastola aliyoitoa zawadi akawapiga wote, na mmoja aliyejeruhiwa tu akamgeukia, ikabidi apigwe tena kwa risasi ya tano. Kisha Mutesa alishindilia bunduki moja fupi, akampa mtumishi kijana na kumwamuru atoke nje akampige mtu. Kijana alirudi akiwa na furaha, akasema imefanya kazi vizuri. Speke anaongeza kwamba hakuna aliyeonekana kutaka kujua ni nani aliyeuawa.

Wasomaji wengi wa tukio hilo huishia kwenye ukatili wake, na ni haki yao. Lakini tukio lina funzo la pili. Jaribio lile lilithibitisha kwamba silaha imelia siku hiyo, kwa fataki zilizotoka katika kasha la mgeni. Halikuthibitisha kwamba ingelia baada ya mwaka mmoja, kasha likiwa tupu.

Silaha zilizofika kwa watu wa kawaida hazikuwa za aina ya zile za Speke. Ili kuelewa zilikotoka, inabidi kutazama Ulaya. Mwaka 1866 jeshi la Uingereza lilianza kutumia Snider, bunduki iliyopatikana kwa kuzigeuza zile za zamani za kushindilia kwa mbele ziwe za kupakiwa kwa nyuma. Mwaka huo huo Ufaransa ilichukua Chassepot. Mwaka 1871 zilifuata Martini-Henry kwa Waingereza na Mauser kwa Wajerumani, na mwaka 1886 Wafaransa wakaleta Lebel, yenye akiba ya risasi kadhaa na baruti isiyotoa moshi mwingi. Kila jeshi lilipobadili silaha, maghala yalijaa za zamani, na wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya kutupa. Nyingi zilishushwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hata tukipunguza makadirio hayo, ni wazi kwamba hiki kilikuwa kipindi kikubwa cha mtumba kabla ya mtumba wa nguo tunaoujua Busia leo.

Mnunuzi wa bara aliweza kukagua nini? Aliweza kutazama mtutu kama umeliwa na kutu au una ufa, na kitako kama kimelegea. Katika gumegume, aliweza kuona kama jiwe linapogonga chuma linatoa cheche za kutosha kuwasha baruti iliyo kwenye kisahani. Katika bunduki ya fataki, aliweza kuona kama nyundo inapiga mahali pake. Yote hayo yalionekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Yasiyoonekana yalikuwa mengi zaidi: baruti ilikuwa imeshika unyevu mara ngapi njiani, chuma cha ndani kilikuwa kimechoka kiasi gani, na mtutu ungestahimili kipimo gani cha baruti kabla ya kupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa upande huo, mnunuzi alinunua mbuzi kwenye gunia.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini silaha iliyokuwa duni Ulaya haikuwa lazima iwe duni bara. Gumegume ilikuwa nzito, haikulenga mbali, na mvua iliizima. Lakini jiwe lilipochakaa lilibadilishwa, na risasi zilipokwisha, vipande vya chuma viliweza kushindiliwa kwa mdeki badala yake. Bunduki ya kupakiwa kwa nyuma ilikuwa kinyume chake. Ilipiga upesi na mbali, lakini ilikula risasi za aina yake tu, zilizotengenezwa kiwandani. Bila risasi hizo iligeuka kuwa rungu la bei kubwa. Mfano wake ni Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Askari wake walikuwa na bunduki za Remington, nzuri kwa wakati wake, lakini walipotengwa na Misri akiba yao ilipungua. Msafara wa Henry Morton Stanley wa 1887–1889, uliotumwa kumwokoa, ulibeba shehena ya risasi za Remington kuvuka msitu wa Kongo. Uthabiti wa Remington, kwa hiyo, ulikuwa mgongoni mwa wapagazi.

Turudi sasa katika njia yetu. Makao ya Nabongo Mumia wa Wanga yalikuwa kituo kikuu cha misafara ya Waswahili na Waarabu, na Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Kutoka huko bunduki ziliwafikia majirani, wakiwemo Wabukusu. Serikali ya Waingereza ilipojijenga Mumias, bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu zikawa chanzo cha ugomvi. Kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kilichotumwa kwao kiliangamizwa, na silaha zake zikatekwa. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliongoza vita dhidi yao, akiwa na askari wa Kisudani, Waganda, watu wa Wanga na bunduki ya rashasha. Wabukusu walipigana kutoka ngome za Lumboka na Chetambe, na ngome zote mbili zikaanguka.

Silaha haikuwa sababu pekee ya kushindwa huko. Wingi wa washirika wa Hobley ulikuwa na uzito wake. Hata hivyo, tofauti kati ya pande mbili haielezwi vizuri kwa kusema tu kwamba mmoja alikuwa na bunduki bora. Bunduki iliyotekwa kutoka kwa askari wa serikali ilikuwa bora sawa na ya askari aliyebaki hai. Kilichokosekana ni njia ya kuilisha. Risasi zake zilitoka pwani katika mizigo ya serikali, na hakuna duka la Mswahili lililoweza kuwa badala yake.

Wakoloni walilielewa jambo hili mapema. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, ukilenga hasa bunduki za kisasa, huku gumegume na baruti ya kawaida zikiachiwa mlango kwa masharti. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa silaha ambayo haikuwatisha. Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha, alinyongwa na maofisa wa Dola Huru ya Kongo mnamo Januari 1895 kwa tuhuma za kuwauzia maadui wao silaha. Katika Mkataba wa Uganda wa 1900, kila mwenye bunduki alitakiwa kulipa rupia 3 kwa mwaka, sawa na kodi ya nyumba. Miaka miwili baadaye, mnamo Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo, Mumias ukiwa ndani yake. Watu wa ukoo mmoja walijikuta chini ya serikali mbili, na hawakuwa na silaha yoyote ya kuufanya mstari huo ujadiliwe.

Historia hii inatupa jibu kwa mnunuzi tuliyeanza naye. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Kenya na Uganda zilitia sahihi, inazitaka nchi zitie alama kwenye silaha ndogo na kuweka kumbukumbu zake ili asili yake ijulikane. Msingi wa sharti hilo ni uhalifu na usalama, lakini linagusa pia swali la uthabiti. Bastola isiyo na alama, inayouzwa rahisi kwa siri karibu na mpaka, imekatwa kutoka katika mnyororo wake: haijulikani imepiga nini, imetunzwa na nani, wala imelishwa risasi zipi. Mnunuzi anaweza kuijaribu mara tano ikalia mara tano, kama ile ya barazani kwa Mutesa. Atakuwa amejua habari za siku hiyo tu.