2,147,483,647: Nambari iliyodhaniwa haina faida

Nambari 2,147,483,647 hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha kuondoa 1. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja kuwa tasa mwaka 1644, pasipo kutoa uthibitisho. Uthibitisho ulitolewa mwaka 1772 na Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi aliyeishi St Petersburg, Urusi, wakati huo akiwa amekaribia kupofuka kabisa. Lau nambari hiyo isingekuwa tasa, ingegawanyika kwa nambari tasa iliyo ndogo kuliko 46,341. Euler alionyesha kuwa hapakuwa na haja ya kuzijaribu zote: zilizostahili ni zile tu ambazo, zikigawanywa kwa 248, hubakisha 1 au 63. Hakuna hata moja iliyofaulu.

Nambari hii huzaa nyingine. Ukiizidisha kwa 1,073,741,824 utapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni nambari kamilifu: nambari zote ndogo kuliko hiyo zinazoigawa, zikijumlishwa, hurejesha nambari yenyewe. Mfano mdogo ni 6, kwa kuwa 1, 2 na 3 zikijumlishwa huwa 6. Mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa huenda nambari kamilifu kubwa kuliko hiyo haitapata kugunduliwa, kwani ni za kustaajabisha tu, hazina manufaa, na haielekei kuwa mtu atajisumbua kuzitafuta. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha nambari tasa yenye tarakimu 39, ambayo nayo huzaa nambari kamilifu kubwa zaidi.

Kuhusu manufaa pia, Barlow alikosea. Kompyuta huandika nambari kwa 0 na 1. Penye nafasi 32, moja huonyesha iwapo nambari ni chanya au hasi, na 31 zilizosalia haziwezi kubeba zaidi ya 2,147,483,647. Mnamo Desemba 2014, YouTube ilitangaza kuwa imepanua kihesabio chake kwa sababu ya video ya wimbo Gangnam Style, iliyokuwa ikitazamwa kupita kiwango hicho.

Tatizo kubwa zaidi ni la saa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mtambo wenye nafasi 32 ambao haujarekebishwa utadhani ni Desemba 13, 1901, na tarehe za malipo au kumbukumbu zilizomo zitavurugika.

Dawa yake ni kutumia nafasi 64, ambazo zinatosha kwa mabilioni ya miaka. Mifumo mingi imekwisha kubadilishwa. Inayotia wasiwasi ni mitambo ya zamani isiyokaguliwa na mtu.