Mombasa: Nani mwenye picha, mpiga au mpigwa?

KATIKA vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kamera huelekezwa kila mara kwa mtu aliye kazini: seremala anayechonga mlango, fundi anayeshona kofia kwa mkono, muuza kahawa na dele lake. Picha za namna hii, ambazo mhusika hakupangwa wala kupambwa, huitwa picha za hali halisi. Thamani yake ni kubwa. Hata hivyo, historia ya kisiwa hiki inaonyesha kwamba picha hudumu na kuheshimiwa pale tu aliyepigwa anapokuwa na kauli.

Kamera za mwanzo

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mpigapicha William Young aliacha kumbukumbu muhimu ya kazi hiyo. Lakini katika picha nyingi za enzi hizo, zikiwemo za kadi za posta, mzungu alitajwa kwa jina, ilhali mwenyeji aliandikwa kwa kabila au kazi yake tu. Leo wajukuu hawawezi kumtambua babu yao.

Mambo yalibadilika studio zilipoenea. Narandas Parekh, aliyeendesha studio mjini Mombasa kuanzia miaka ya 1940, aliwapiga Waswahili, Wahindi na Waarabu picha za rangi nyeusi na nyeupe. Mteja ndiye aliyechagua nguo, mkao na mwenzi wa kusimama naye. Picha hizo zilipangwa, naam, lakini zinaeleza kwa uaminifu jinsi watu wa mji walivyotaka kuonekana.

Mapema katika miaka ya 1990, wapigapicha, wengi wao wahamiaji kutoka bara, walifungua vibanda karibu na kivuko cha Likoni. Nyuma ya mteja palitundikwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Kibarua ambaye hakuwahi kupanda ndege alipigwa picha mbele yake, akaituma nyumbani. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizowalenga watu wa bara, ziliwatawanya wengi. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend aliwaandikia, na mwaka 2013 akachapisha kitabu kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki.

Stara na sheria

Behrend anaonyesha pia kwamba pwani, picha ina mipaka ya nani aione. Picha ya bibi harusi asiye na buibui ni ya jamaa na mashoga zake, si ya mtaa. Mgeni anayempiga mwanamke barazani bila kumwomba huvunja stara ya nyumba nzima.

Sheria nayo imeikaribia desturi hiyo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu inayotambulika kuwa taarifa yake binafsi. Mwaka 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uandishi wa habari, fasihi na sanaa vimepewa nafuu pale maslahi ya umma yanapohusika. Matangazo ya biashara hayana nafuu hiyo. Hakimiliki ni jambo jingine: humlinda mpigapicha dhidi ya wanaoiba kazi yake, wala haimpi umiliki wa uso wa mtu.

La kufanya

Anayetaka kumpiga fundi picha akiwa kazini na aanze kwa salamu, aeleze picha itatumika wapi, kisha aombe ruhusa. Aandike jina la fundi kama mwenyewe anavyolitaja, mtaa, tarehe, na majina ya zana: patasi, juba, msasa. Hatimaye ampelekee nakala iliyochapishwa, kwani picha ya simuni hupotea pamoja na simu.

Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011, na kuta zake zina walinzi. Ujuzi wa mchonga milango hauna ukuta wa kuukinga. Fundi akifariki bila mwanagenzi, huenda picha yenye jina lake na la patasi yake ikawa ndiyo darasa pekee lililobaki.