Ukame wa ng'ambo, mvua ya gare: Likasi 1992 na 1993

Ndugu wanachama, wengi wenu mnaijua gare ya Likasi kuliko sisi tunaoandika. Wakati ule tulikuwa bado watoto wadogo, na mengi tumeyapata kwa wazee tukipita kwenye kartie za Kikula, Panda na Shituru kuandikisha familia zilizorudi. Kwa kawaida habari ya 1992 inaelezwa kama habari ya siasa: nani alisema nini kwenye mkutano, nani alifukuza nani. Ni kweli, ilikuwa siasa. Lakini mama akianza kuhesabu wale aliowapoteza, hatamki jina la mwanasiasa hata mmoja. Anazungumza juu ya mvua, na juu ya bukari iliyokosekana. Basi safari hii tumeona tuifuate historia hiyo kwa upande wa mvua na ukame.

Tuanze mbali kidogo, ng'ambo ya Kasumbalesa. Katika msimu wa 1991 na 1992 mvua zilikosekana karibu kusini yote ya Afrika: Zambia, Zimbabwe, Malawi, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Ulikuwa mwaka wa El Niño. Maji ya bahari ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, mara nyingi mvua za kusini mwa Afrika zinapungua, na mwaka ule zilipungua vibaya sana. Mavuno ya muhindi ya Zambia hayakufika hata nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Nchi zilizozoea kuuza muhindi zikaanza kuununua ng'ambo ya bahari.

Inatuhusu nini sisi watu wa Likasi? Inatuhusu kwenye sahani. Huu ni mji wa mgodi, na mji wa mgodi unakula kile usichokilima. Tangu zamani za Union Minière, mji ukiitwa bado Jadotville, mfanyakazi alipewa posho ya unga, na muhindi wenyewe ulikuja kwa reli. Mwingine ulitoka kusini, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwingine ulitoka Kasai, baada ya reli ya BCK kufunguliwa mpaka Port-Francqui mwaka 1928. Reli hiyohiyo njo ilileta pia wafanyakazi kutoka Kasai, wazazi na babu za wengi wanaosoma karatasi hii. Kwa hiyo mvua ikikosekana Choma au Mazabuka, mashamba ambayo wengi wetu hatujayaona hata siku moja, bei ya bunga inapanda kwenye soko letu.

Na mwaka 1992 mji haukuwa na nguvu ya kuvumilia bei hiyo. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulikuwa umebomoka Septemba 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa inaanguka. Mwaka 1993 ilitoa chini ya 50,000. Mwishoni mwa 1991 askari walipora miji. Pesa ya zaïre ilipoteza thamani karibu kila siku. Mshahara unachelewa, posho haitoshi, na muhindi wa Zambia haupo.

Hatusemi ukame ndio uliofukuza watu. Ukame hauna hotuba. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtoto wa Shaba. Kabla ya hapo, kwa miezi mingi, gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wakihubiri kwamba Mkasai amekula kazi ya wenyeji na lazima arudi kwao. Agosti na Septemba nyumba zikashambuliwa hapa Likasi. Wengi waliofukuzwa walizaliwa hapa, na "kwao" hawakupajua. Sisi tunachosema ni hiki tu: hotuba ya namna ile inasikilizwa vizuri zaidi pale ambapo gunia la unga limeisha.

Sasa mtazame kalenda, maana hapa ndipo shida yenyewe ilipo. Watu walikimbilia gare na mashule mwisho wa kiangazi. Wakati huo mvua hainyeshi Likasi, mbingu ni kavu tangu Mei. Mtu anatandika mkeka nje, anaweka masanduku kama ukuta, anasema: gari ya moshi itakuja wiki hii. Hakuna aliyejenga, kwa nini ujenge mahali unapoondoka kesho? Makumi ya maelfu ya watu walikaa hivyo. Lakini vagon zilikuwa chache, njia ya reli imechoka, na kesho ikawa mwezi. Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kujikusanya. Kuanzia Novemba mpaka Machi ndiyo mvua zetu kubwa, na karibu maji yote ya mwaka, kama milimita 1,200, yanaanguka katika miezi hiyo michache.

Mvua ileile iliyonyesha juu ya nyumba za Gécamines ilinyesha juu ya gare. Kwenye nyumba ilikuwa baraka, watu walipanda muhindi nyuma ya ua. Kwenye gare ilijaza vyoo vilivyochimbwa haraka, ikachanganya maji machafu na yale ya kunywa, ikalowesha kuni na unga. Kuhara kukafuata, na malaria. Tena kuna jambo ambalo watu wanalichanganya: surua. Surua haitokani na mvua, inatokana na msongamano. Ila mvua inawasukuma wote chini ya bashi moja na paa moja, watoto kifua kwa kifua, tena watoto ambao njaa imeshawadhoofisha. Hapo ugonjwa hautafuti njia. Wamisionari na mashirika ya msaada walifanya walichoweza, na wako wenyeji wa Likasi waliopeleka chakula gare kwa siri usiku. Hao pia ni sehemu ya historia, tusiwasahau.

Safari yenyewe ilipita Tenke, ikashuka Bukama kwenye bonde la Lualaba, halafu Kamina, Kaniama, Luputa, mpaka Mwene-Ditu. Bukama ni chini, na mvua zikizidi mto unapanua mikono yake pande zote. Kusimama pale siku nyingi kwenye vagon ya mizigo isiyo na madirisha, katikati ya mbu na joto, wengine hawakuvuka. Na waliofika Kasai walifika watu wameshapanda. Bila shamba, bila jembe, walilazimika kungoja msimu mwingine. Machi 1993, kufukuzwa kulipoanza Kolwezi kwa nguvu, mambo yaleyale yakarudiwa, na mvua zilikuwa hazijaisha.

Tunaandika haya juu ya jambo la karibuni. Katika msimu wa 2023 na 2024 El Niño ilirudi. Tarehe 29 Februari rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mavuno yao yakashuka karibu nusu. Mnakumbuka wenyewe meka ya bunga ilivyopanda. Kwenye foleni tulisikia tena maneno ya "wale waliokuja" na "hawa wenye mji". Yalikuwa maneno tu, asante Mungu, lakini wazee wetu wawili waliondoka kwenye foleni bila kununua.

Kwa sababu hiyo kamati imekubali mambo mawili, na tunaomba yasomwe katika kila kartie. Sehemu ya michango ya mutuelle itanunua muhindi Mei na Juni, bei ikiwa chini, na kuuweka ghalani mpaka Januari, na utauzwa kwa jirani yeyote, awe mwanachama ao hapana. La pili ni juu ya familia mpya zinazofika wakati wa kiangazi na kupewa viwanja kando ya vijito, kwa sababu ni bei rahisi na panaonekana pakavu. Msikubali kulipa kabla mzee wa kartie hajawaonyesha maji yalifika wapi Februari iliyopita. Wanaotaka kusaidia kupima viwanja hivyo wajiandikishe kabla ya mwisho wa Septemba.