Vidato vya Mnazi

"Na sisi lini?" Rafiki yangu aliniuliza hivyo baada ya kunywa bia ya kiwanda kidogo huko Ujerumani, kiwanda kinachonunua shayiri kwa majirani na kupika chakula cha palepale. Nilicheka. Mimi ni mjukuu wa mgema wa Muheza, bwana. Kwetu ni tangu zamani.

Alfajiri babu alipanda mnazi, kibuyu na kotama kiunoni. Huko juu alichonga ncha ya karara, lile ganda linalofunika maua, kidogo tu, kama unavyochonga penseli. Utomvu ukadondoka kibuyuni. Jioni alipanda tena. Hakuna hamira, kwani tembo huchachuka lenyewe: mwanzoni tamu, baadaye kali, likikaa sana linakuwa siki. Na karara linalogemwa halizai nazi, hivyo mwenye mnazi huchagua: nazi au tembo. Wanywaji walikaa chini ya mwembe, wakila bada, ugali wetu wa muhogo, kwa ng'onda.

Mbona basi tembo halikupata chupa na nembo? Sababu ya kwanza ni hiyo siki: tembo halisubiri lori. Ya pili ni historia. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na baada ya miongo michache bia ya kiwandani nayo ikaja. Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo, na bia yao ikaitwa Tusker. Kiswahili kina vituko: bia yenye tembo kwenye nembo, ndani haina tembo! Dar es Salaam ikapata kiwanda chake 1933. Baada ya uhuru, sheria ya 1966 ikapiga marufuku gongo, na ile ya 1968 ikaitengea pombe ya kienyeji leseni zake. Tembo si gongo, halikenekwi, lakini machoni pa wengi vyote vikawa kapu moja: mambo ya kilabuni.

Aibu hiyo niliibeba mpaka shuleni. Kwenye fomu ya kuingia kidato cha kwanza, penye kazi ya mlezi, niliandika "mkulima". Ada ilitoka kwenye tembo. Babu, ambaye hakujua kusoma, aliniuliza nimeandika nini. Nikamjibu, "Mgema, babu."

Miaka baadaye, chuo kikuu, nilikuwa natafuta neno jingine kwenye kamusi nikakutana na kidato. Kumbe ni ule mkato unaochongwa kwenye shina la mnazi, wa kukanyagia wakati wa kupanda. Nilisoma mara mbili.

Kiswahili kimelelewa na pwani ya Kiislamu, ambako tembo ni haramu, lakini hakikumwonea haya mgema. Kilimpa methali ya tembo na maji, ambayo kila mtoto anaijua, kikachukua na mikato yake kikayapa madarasa jina. Aliyeona haya ni mimi, msomi.

Rafiki yangu nimemjibu: njoo Muheza, ila fika mapema, tembo likiwa bado tamu. Nitakuonyesha mnazi wa babu. Vidato vyake bado vipo. Mimi siwezi kuvipanda.