Kutoka Bagamoyo hadi Mhonda



Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakafungua misheni Bagamoyo. Tukiisimulia habari hiyo, aghalabu tunawataja wamisionari na watumwa waliowakomboa, kana kwamba hao waliokombolewa walikuwa wapokeaji tu!

Mwaka 1877 misheni ilianzisha kituo chake cha kwanza bara, huko Mhonda, chini ya milima ya Nguru. Mapadre peke yao wasingeweza. Zilihitajika familia za Kikristo za kulima, kujenga na kuishi imani mbele ya majirani wasioijua. Waliokwenda ni waliokombolewa wale wale, waliofunga ndoa Bagamoyo. Hebu tafakarini: bara ndiko wengi wao walikonyakuliwa wangali watoto, wakateremshwa pwani kwa njia za misafara wakiwa bidhaa. Sasa walikuwa na shamba, kanisa na usalama, nao wakaombwa kurudi huko huko. Sidai kwamba wote walikwenda kwa furaha. Neno la padre lilikuwa zito kwao. Lakini walikwenda, na Ukristo wa Mhonda ulianzia katika nyumba zao.

Nimewakumbuka wiki hii kwa kuwa jumuiya ndogo ndogo 3 parokiani kwetu hazina katibu, na kila ninayemwomba hunijibu, "Padre, mimi sijasoma." Uchaguzi ni Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili.